Takwimu na uwezekano: kwa nini maswali arobaini ya sura moja hayakusaidii

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa mwisho wa sekondari na mtihani umebakiza wiki sita. Takwimu na uwezekano vinanitesa. Mwalimu wetu akifanya ubaoni naelewa kila mstari, na sura ikiisha nafanya maswali yote ya mwisho wa sura, wakati mwingine yanafika arobaini, na mengi napata. Lakini nikichukua karatasi ya mtihani uliopita nabaki nimeshika kalamu, sijui pa kuanzia. Je, niongeze maswali? Na ni lazima nikariri fomula zote?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na jicho langu limekwama kwenye neno "sura". Maswali arobaini yaliyo chini ya sura ya kutoa vitu bila kurudisha yote yanajibiwa kwa kutoa vitu bila kurudisha. Ukifika swali la nne mkono unakwenda wenyewe, unabadilisha namba tu. Kazi ngumu kuliko zote, ya kutambua hili ni swali la aina gani, kichwa cha sura kimeshakufanyia. Siku ya mtihani kichwa cha sura hakipo, ndiyo maana kalamu inagoma.

Mwaka 2007 watafiti wawili, Doug Rohrer na Kelli Taylor, walichapisha jaribio ambalo huwa nalisimulia kila darasa langu. Waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya mazoezi ya umbo moja mpaka yakaisha, ndipo likaenda umbo lingine. Kundi la pili lilipewa maswali yaleyale yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilipata asilimia 89, la pili asilimia 60. Wiki moja baadaye walipopewa mtihani, kundi la kwanza lilipata asilimia 20, la pili asilimia 63. Hebu zitazame tena hizo namba. Waliokuwa wakitamba kwenye mazoezi ndio walioanguka, na waliokuwa wakihangaika ndio waliobaki na kitu kichwani.

Kwa hiyo usiongeze maswali, yachanganye. Chukua maswali kumi na mawili kutoka sura tofauti na karatasi za miaka tofauti, yaandike kila moja kwenye kikaratasi chake, yageuze kifudifudi na uyavuruge kama karata. Okota moja. Usiguse kikokotoo. Kwanza andika sentensi moja ya maneno matupu inayosema kinachoendelea ndani ya swali: kitu gani kinatolewa au kurushwa, mara ngapi, kinarudishwa au hakirudishwi, na je, tumepewa habari yoyote kabla ya kuulizwa. Sentensi ikikushinda kuandika, hapo ndipo ugonjwa wako ulipo, na fomula haitautibu. Siku nyingine fanya zoezi la sentensi peke yake: maswali kumi na mawili, sentensi kumi na mbili, bila kukokotoa hata moja. Linachukua dakika ishirini, na naliona lina faida kuliko saa mbili za kubonyeza vitufe.

Nikuonyeshe kwa karibu. Mfuko una mipira 5 myekundu na 3 ya bluu. Miwili inatolewa mmoja baada ya mwingine, bila kurudishwa. Tafuta uwezekano kwamba ni ya rangi tofauti.

Mwanafunzi mwenye haraka anaandika 5/8 × 3/7 = 15/56 na kufunga hesabu. Nimelisahihisha kosa hili mara nyingi mno. Sehemu zake zote ni sahihi: wa kwanza mwekundu ni 5 kati ya 8, umebaki saba, ya bluu bado ni mitatu. Alichosahau ni kwamba bluu ingeweza kutangulia. Sentensi yake ingekuwa "mwekundu kisha bluu, au bluu kisha mwekundu", asingesahau. Njia ya pili ni 3/8 × 5/7, nayo ni 15/56. Ukijumlisha unapata 30/56, yaani 15/28.

Sasa usiliache swali hilo. Likamue. Badilisha neno moja tu uone jibu linavyosogea. Mipira ikirudishwa mfukoni, jibu ni 2 × 15/64, yaani 15/32. Ikiwa ni "rangi moja" badala ya rangi tofauti, bila kurudisha, chora matawi mawili ya mti wa uwezekano (mchoro ambao kila tawi ni tokeo moja): nyekundu-nyekundu ni 20/56, bluu-bluu ni 6/56, jumla 26/56. Ijumlishe na ile 30/56 ya rangi tofauti: unapata 56/56. Huo ni ukaguzi wa bure, wala hakuna mtahini atakayekukataza kuufanya. Kisha geuza liwe swali lenye sharti: "Tumeambiwa mipira yote miwili ni ya rangi moja. Kuna uwezekano gani kwamba ni myekundu?" Hapa ulimwengu umepungua. Hatuko tena kwenye 56, tuko kwenye zile 26 tu zenye rangi moja, na kati yake 20 ni za wekundu. Jibu ni 20/26, yaani 10/13. Wengi huandika 20/56 kwa sababu wameliona neno "myekundu" wakalirukia, wakasahau kwamba sentensi ya kwanza ya swali imeshatupa nusu ya mti jalalani.

Swali moja, nyuso nne. Ukifanya hivyo kwa maswali matano kwa wiki, utakuwa umeona zaidi ya mwenzako aliyefanya arobaini yanayofanana.

Neno litakalokula alama zako kuliko yote ni "angalau". Lina historia ndefu. Katika karne ya 17 nchini Ufaransa palikuwa na mcheza kamari, Chevalier de Méré, aliyehusishwa na fumbo hili: kuweka dau kwamba utapata angalau sita moja katika mitupo minne ya dadu moja kunalipa, lakini kuweka dau kwamba utapata sita-mbili, yaani dadu zote mbili zionyeshe sita, angalau mara moja katika mitupo 24 ya dadu mbili hakulipi. Kwake hilo lilikuwa kichekesho, kwa kuwa 4/6 na 24/36 ni kitu kimoja. Mafumbo ya namna hii ndiyo yaliyowafanya wanahisabati Blaise Pascal na Pierre de Fermat waandikiane barua mwaka 1654, na nadharia ya uwezekano ikaanza kujengwa juu ya barua hizo.

Kosa liko kwenye kujumlisha. Kama kila mtupo unaongeza 1/6, basi mitupo sita ingekupa uhakika kamili, na yeyote aliyewahi kushika dadu anajua si kweli. Geuza swali: kinyume cha "angalau moja" ni "hakuna hata moja". Uwezekano wa kukosa sita mara nne ni (5/6)⁴, yaani 625/1296. Basi angalau moja ni 671/1296, karibu 0.518. Kwa dadu mbili mitupo 24 ni 1 − (35/36)²⁴, karibu 0.491. Moja iko juu kidogo ya nusu, nyingine chini kidogo.

Ukishafika hapo, zungusha maneno tena. Sita moja kamili katika mitupo minne: hiyo sita inaweza kukaa nafasi yoyote kati ya nne, kwa hiyo 4 × 1/6 × (5/6)³, ambayo ni 500/1296. Si zaidi ya sita moja: jumlisha hakuna na moja, 625 + 500, unapata 1125/1296. Sita ya kwanza ionekane kwenye mtupo wa nne: hapa nafasi imeshachaguliwa na swali, huzidishi kwa 4, ni 125/1296. "Angalau", "kamili", "si zaidi ya", "ya kwanza". Dadu ileile, mitupo ileile, majibu manne yaliyotawanyika kati ya 0.10 na 0.87. Piga mstari chini ya maneno hayo kila unapoyaona, hata kwenye karatasi ya mtihani wenyewe.

Kuna wimbo mmoja naomba uusahau: "na maana yake zidisha, au maana yake jumlisha". Najua umeimbishwa, na siku nyingi unakubali, lakini siku unapokataa haukuambii. Rusha dadu moja. Uwezekano wa kupata namba shufwa au namba inayozidi 3? Shufwa ni 3/6, inayozidi 3 ni 3/6, wimbo unasema jumlisha, unapata 1. Yaani ni lazima itokee. Lakini 1 na 3 ziko palepale kwenye dadu zinakutazama. Orodhesha: 2, 4, 5, 6. Jibu ni 4/6. Namba 4 na 6 zilihesabiwa mara mbili. Kujumlisha moja kwa moja ni halali pale tu matukio hayawezi kutokea kwa pamoja, na kuzidisha moja kwa moja ni halali pale tu tukio moja halibadilishi nafasi ya lingine. Na hayo mawili usiyachanganye. Matukio yasiyoweza kutokea pamoja hayako huru hata kidogo: nikikuambia moja limetokea, umeshajua lingine halikutokea. Watahini wanapenda sana kuuliza hapo, alama mbili za maelezo, na wengi huziacha mezani.

Usijione mjinga unapokosea mambo haya. Jean d'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, aliandika mwaka 1754 kwamba uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ukirusha sarafu mara mbili ni 2/3. Hoja yake: kikitokea kichwa mara ya kwanza mchezo umekwisha, kwa hiyo matokeo ni matatu, na mawili yana kichwa. Jibu ni 3/4. Matokeo yake matatu hayakuwa na uzito sawa, maana lile la kwanza lina nusu nzima peke yake. Kuhesabu matokeo bila kuuliza kama yana uzito sawa ni kosa la wakubwa na wadogo.

Takwimu ni hadithi tofauti kidogo. Hapa wanafunzi wangu wengi wanajua wafanye nini, alama zinavuja kwenye vitu vidogo. Tazama jedwali hili la alama za wanafunzi 40: 0–9 wako 3, 10–19 wako 7, 20–29 wako 12, 30–39 wako 11, 40–49 wako 7.

Wastani: chukua katikati ya kila kundi, yaani 4.5, 14.5, 24.5, 34.5, 44.5, zidisha kwa idadi, jumla inakuja 1100, gawa kwa 40, unapata 27.5. Makosa mawili ninayokutana nayo ni kugawa kwa 5, kwa sababu makundi ni matano, na kutumia 5 au 10 badala ya 4.5. La kwanza linatoa 220, wakati alama ya juu kabisa kwenye jedwali ni 49. Mtu anaandika wastani 220, anapiga mistari miwili chini yake, anaendelea na safari. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana kuangalia jibu kwa sekunde mbili kungeliokoa.

Mediani, yaani thamani ya katikati: tunaitafuta ya 20. Makundi mawili ya kwanza yana 10, ukiongeza la tatu unafika 22, kwa hiyo imo ndani ya 20–29. Mpaka wa chini wa kundi hilo si 20, ni 19.5, kwa kuwa alama ni namba kamili na nafasi kati ya 19 na 20 inagawanywa katikati. Tunahitaji watu 10 zaidi kati ya 12, upana ni 10: 19.5 + (10/12) × 10, karibu 27.8. Iko ndani ya kundi lake, na iko karibu na wastani. Naridhika.

Lakini hiyo nusu ya 19.5 isiwe desturi ya kufuata kwa macho yaliyofungwa. Data ikiwa ni umri kwa miaka iliyotimia, mtu wa miaka 19 na miezi kumi na mmoja bado anaandikwa 19. Kundi la 10–19 linaanza 10 na kuishia 20, na katikati yake ni 15. Uliza kila mara: namba hizi zilipatikanaje?

Kwenye histogramu yenye makundi ya upana tofauti, urefu wa nguzo ni idadi ikigawanywa kwa upana, kwa sababu eneo la nguzo ndilo linalowakilisha watu. Kwenye mkondo wa marudio limbikizi, yaani mchoro wa idadi inayojumlishwa kundi baada ya kundi, nukta zinawekwa kwenye mpaka wa juu wa kundi, kamwe si katikati. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika kuuzunguka wastani, hauwezi kuwa hasi wala hauwezi kuzidi tofauti kati ya namba kubwa na ndogo. Kila mtu akiongezewa alama 5 wastani unapanda kwa 5, mkengeuko haugutuki. Alama zote zikizidishwa kwa 2, vyote viwili vinazidishwa kwa 2. Na angalia mtaala wako unagawa kwa n (idadi ya namba ulizonazo) au kwa n − 1 unapoutafuta mkengeuko, ujue mapema.

Kuhusu kikokotoo nina la kuungama. Miaka ya nyuma nilikokotoa mkengeuko sanifu mbele ya darasa zima, nikaliandika jibu ubaoni kwa kujiamini, na msichana mmoja wa nyuma akasema, kwa adabu, kwamba haliwezekani. Data ya darasa lililotangulia ilikuwa bado imo kwenye kumbukumbu ya kikokotoo. Tangu siku hiyo nafuta kumbukumbu kabla ya kuingiza namba ya kwanza, na nikimaliza naangalia n inayoonyeshwa kama ni idadi niliyoingiza. Nawe ufanye hivyo.

Uwe na daftari la makosa, lakini usiandike majibu sahihi humo, wengi wanakosea hapo. Andika swali, na mstari mmoja unaosema kilichokupoteza: "nilisahau bluu kutangulia", "sikuona neno angalau", "niligawa kwa idadi ya makundi". Siku nne baadaye rudia swali hilo kwenye karatasi tupu bila kutazama. Ukilipata, lirudie baada ya siku kumi. Ukilikosa, siku nne tena. Baada ya wiki tatu utashangaa: makosa yako yote yatakuwa ya aina nne au tano hivi, yanarudi tu na nguo tofauti.

Fomula? Kariri chache. Ya wastani wa data yenye makundi, ya mediani, ya mkengeuko sanifu kama karatasi ya mtihani haikupi, na ile ya kuchagua r kati ya n. Nyingine zijenge kutoka kwenye mti. Mti uliochorwa vizuri unabeba kanuni ya kuzidisha, ya kujumlisha, na ya uwezekano wenye sharti bila wewe kukumbuka herufi hata moja, na hata jibu la mwisho likiharibika, msahihishaji anaziona hatua zako na kuna alama za njia.

Wiki zako sita zigawe hivi: tatu za kwanza vikaratasi vilivyovurugwa na zoezi la sentensi, mbili zinazofuata karatasi nzima za mitihani iliyopita kwa saa, ya mwisho daftari la makosa tu. Karatasi nzima usizile zote mapema, zikiisha hazirudi kuwa mpya.

Swali la kuanzia nakupa mwenyewe. Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliandika kulihusu karne ya 17, baada ya kuulizwa kwa nini dadu tatu zikirushwa pamoja, jumla ya 10 hutokea mara nyingi zaidi kuliko jumla ya 9. Tafuta njia ngapi zinaleta kila jumla, kati ya njia 216. Ukipata 6 na 6, umefanya alichofanya d'Alembert: rudi uulize uzito. Ukipata 25 kwa jumla ya 9 na 27 kwa jumla ya 10, okota kikaratasi kinachofuata.